Chatu Anapogoma Kula
Mhadhara uliotolewa Mkiwa, mkoani Singida



Mmeniuliza swali moja, nami nitalijibu hilo hilo. Chatu wa ngoma amekaa wiki nyingi bila kula. Akiwekewa kuku anageuza kichwa. Mwenye chatu hajui kama mnyama anaumwa au ana lake. Asaidiweje? Mtu wa mjini angeshangaa kusikia swali hili linaulizwa Mkiwa. Mimi sikushangaa. Hapa ni njia panda: magari ya kutoka Dodoma kwenda Singida na Mwanza yanapita hapa, na barabara ya Itigi, Rungwa hadi Makongolosi inachepukia hapa. Vikundi vya ngoma vya Wasukuma hupita na chatu wao, na Wasukuma waliohamia huku na mifugo hawakuziacha ngoma zao nyuma.

Jibu langu nalitanguliza ili hata atakayeondoka mapema aondoke nalo. Chatu anayekataa chakula, mara nyingi shida yake si chakula, ni mahali alipowekwa. Anayetaka kumsaidia aanze kutengeneza mahali, kisha asubiri, na chakula kije mwisho. Wengi wetu tunakwenda kinyume: tunaanza na kuku, tukishindwa tunabadilisha kuku, tukishindwa tena tunamfungua mdomo kwa nguvu. Hapo ndipo chatu wengi wanapofia.

Kufuga nyoka si jambo tuliloiga Ulaya. Usukumani kuna chama cha Wayeye, watu wa nyoka, chenye dawa zake, miiko yake na mafunzo yake. Mwaka 1946 Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha makala juu yao katika jarida la kitaaluma. Makumbusho ya Bujora kule Kisesa, karibu na Mwanza, aliyoyaanzisha Padri David Clement, yanatunza kumbukumbu za ngoma hizo, na mwezi Juni, katika sherehe za Bulabo, vyama hasimu vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana hapo kuvuta watu. Chatu akitolewa sandukuni, uwanja mzima unahama. Naiheshimu kazi hiyo, ndiyo maana nataka chatu aifanye akiwa mzima.

Sasa tazameni kalenda. Ngoma hizi hufana baada ya mavuno, kuanzia Juni mpaka Agosti, watu wakiwa na nafasi na ghala zikiwa na kitu. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya baridi na ukavu huku kwetu. Sisi tuna mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na ikifika Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 15, pamoja na upepo huu wa Singida mnaoujua. Chatu wa porini wakati huo yuko ndani ya mawe. Anatoka kuota jua, anarudi ndani, na anaweza kukaa muda mrefu bila kuwinda. Huyu wa ngoma anabebwa shingoni mchana, analala kwenye baridi usiku, halafu asubuhi tunamtaka ale. Tunamdai chakula katika msimu ambao mwili wake umejifunga.

Na kujifunga huko si usemi tu. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo yao juu ya chatu wa Burma: ndani ya siku 2 baada ya kula, misuli ya moyo wake huongezeka kwa karibu asilimia 40. Utumbo nao unanenepa, ini linakua, mwili unawaka kazi. Mlo ukiisha kusagwa, vyote vinarudi vilivyokuwa. Mwaka 2007 mtafiti Marshall McCue wa Arkansas, Marekani, alionyesha kwamba nyoka wakikosa chakula kwa muda wa hadi miezi 6, wanaweza kupunguza matumizi ya nguvu za mwili kwa hadi asilimia 72. Kwa hiyo kufunga kwa nyoka hakulingani na kwa mbuzi au mtoto. Mbuzi akikaa siku 3 bila kula, mwite daktari. Chatu mzima, mwenye maji na mwenye nyama mgongoni, akikaa mwezi bila kula bado ana akiba.

Lakini kusaga mlo kunahitaji joto, na joto hilo chatu hatengenezi mwenyewe kama sisi. Analichukua juani, kwenye jiwe, kwenye mchanga. Akimeza kuku halafu usiku ukawa baridi, yule kuku anaoza tumboni kabla hajasagwa. Chatu atamtapika, na wengine hufa. Kwa hiyo chatu wa baridi anapogeuza kichwa, anajilinda.

Niliwahi kuletewa chatu wa namna hiyo, nami nitawaeleza nilichokiona. Alikuwa kwenye sanduku la bati, yale ya wanafunzi wa bweni, lililotobolewa matundu kwa msumari. Alfajiri nilitia kipimajoto ndani, kikasoma nyuzi 14. Mchana sanduku likiwa juani, kikapita 40. Macho ya chatu yalikuwa na ukungu wa rangi ya maziwa, dalili kwamba anakaribia kujivua gamba, na wakati huo haoni vizuri na hataki kuguswa. Ncha ya pua ilikuwa imechubuka mpaka nyama nyekundu kwa kusukumana na bati akitafuta pa kutokea. Na kuku aliyewekewa kama chakula alikuwa amesimama juu ya mgongo wake akimdonoa magamba. Mwenye chatu alikuwa na wasiwasi wa kweli. Alikuwa amenunua kuku yule kwa fedha ambazo familia ilizihitaji. Hakuna aliyekuwa amemwambia atazame sanduku.

Kuku tulimtoa, bati tukaliacha. Fundi alitengeneza sanduku la mbao lenye mfuniko wa kufunga kwa komeo, lenye nafasi ya chatu kujinyoosha robo tatu ya urefu wake, na matundu ya hewa upande mmoja tu ili upepo usipite katikati. Upande mmoja wa sanduku uwe wa joto, nyuzi 30 mpaka 33, na upande wa pili uwe na nyuzi 25 au 27, ili mwenyewe achague. Penye umeme au sola ya kutosha, balbu iliyofunikwa kwa wavu inatosha; asiifikie, maana chatu hujizungusha kwenye kitu cha moto mpaka akaungua. Pasipo na umeme, dumu la lita 5 la maji ya moto, lililofungwa kwenye gunia, hukaa na joto kwa saa kadhaa za usiku, na mtu aamke alibadilishe. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana. Moshi wake usioonekana unaua watu kabla ya nyoka.

Kisha maficho. Chatu asiyejificha hali. Mtilie ndani ya sanduku kitu cha kuingia chini yake, kiroba kilichokunjwa au chungu kilichovunjika ubavu, kimbane kidogo pande zote. Sisi tunaona ni dhiki, yeye anaona ni usalama. Tia na karai la maji safi linalomtosha kulala ndani. Chatu anayekaribia kujivua hujilowesha, na mara nyingi anayeonekana hana njaa ana kiu. Akinywa, njaa inafuata. Sanduku liwekwe mbali na ngoma zenyewe. Nyoka hana masikio ya nje, lakini mtikisiko wa ngoma unampita mwili mzima kupitia sakafu. Na mikono yetu ikae mbali naye. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu jirani atakuja na watoto, na mgeni atataka kupiga picha.

Chatu yule alijivua. Gamba likatoka zima, pamoja na yale mawili madogo yanayofunika macho, na hilo ni jambo la kuangalia kila mara: likibaki jichoni linaleta matatizo. Siku chache baadaye alianza kutoka mafichoni jua likizama, ulimi ukicheza taratibu. Huo ndio wakati wa kumjaribu, usiku, taa ikiwa imezimwa au imepunguzwa, watu wakiwa wametoka.

Kuhusu chakula chenyewe nina maneno machache. Wapeni mnyama aliyekwisha kufa. Kuku hai anadonoa, panya hai anauma, na nimeona mgongo wa nyoka umeliwa na panya mpaka mfupa. Najua watazamaji wanalipa ili waone chatu akimkaba kuku. Mimi naona fedha hiyo haifai, kwa kuku na kwa chatu. Mnyama awe na unene unaolingana na sehemu nene ya mwili wa chatu, asizidi. Umtie kwenye mfuko wa plastiki, uuzamishe kwenye maji ya moto mpaka mwili wake uwe na joto la kuku mzima, umkaushe, kisha umsogeze kwa fimbo ndefu au koleo. Chatu ana vishimo midomoni vinavyohisi joto. Kwa chatu mwenye mashaka, mzoga wa baridi haufanani na chakula.

Huku kwetu kuku ndiye wa kwanza kufikiriwa. Kuku wa Singida wanajulikana nchi nzima, matenga yao yanapangwa barabarani kusubiri magari ya Dar es Salaam. Lakini chatu aliyekamatwa kwenye mawe haya amekulia pimbi, panya, kanga na digidigi. Kuku mweupe wa banda ni mgeni kwake. Mfuteni kuku aliyekufa kwa ngozi ya panya au kwa nyasi za kiota cha panya, apate harufu anayoijua. Wengine hukubali panya buku, na baada ya milo kadhaa huhamia kwa kuku wenyewe. Ila panya asitoke kwenye nyumba iliyowekwa sumu. Sumu inayomwua panya polepole inahamia kwa anayemla, na huku vijijini sumu hizo zinauzwa kila gulio.

Kabla ya kuhangaika hivyo, mjue chatu wako ni jike au dume, na mwulize aliyemkamata alimkuta wapi. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alifuatilia chatu wa kule, na mwaka 2018 alitoa matokeo yake. Jike hatafuti chakula wakati wote wa kutaga na kulalia. Rangi yake inakuwa nyeusi ili anase jua zaidi, anatoka kuota, anarudi kuyazungushia mayai ule mwili wenye joto, na watoto wakitoka anakaa nao wiki kama 2. Jike wa namna hiyo, akiwa na mimba sandukuni, mtamwekea kuku mpaka mchoke. Hana ugonjwa.

Hapa niseme neno kwa watoto juu ya nyoka mwingine anayegoma kula akifungiwa, maana nimeona wanafunzi wengi mmekaa mbele. Kuna nyoka mdogo mnayemkuta kwenye migunga yenye viota, mwembamba, wa kahawia mwenye madoa, akikasirika anajikunja na kusugua magamba mpaka asikike kama kifutu. Watu wanamwua kwa sababu ya sauti ile. Huyo ni mla mayai. Hana sumu, na meno yake ni madogo mno, hayana kazi. Humeza yai zima. Mifupa ya shingo iliyochongoka kwa ndani hulipasua, ute na kiini vinashuka, na ganda analitema likiwa limekunjamana. Yai lililooza analijua kwa harufu na halimezi. Hali kitu kingine. Hali mjusi, hali panya, hali panzi. Ndege wengi wa huku wanataga wakati wa mvua, na kiangazi kikija huyu nyoka hufunga mpaka mvua nyingine. Mtoto akimweka kwenye kopo mwezi wa Agosti na kumtilia mjusi, hatakula kamwe. Hata yai la kuku ni kubwa mno kwa walio wadogo. Msaada wake ni kumrudisha kwenye mti aliotoka, siku hiyo hiyo. Lakini mtoto asimshike nyoka yeyote kwa kudhani ni huyu. Kifutu mdogo anafanana naye kiasi cha kumdanganya hata mtu mzima.

Turudi kwa chatu. Wakati gani kufunga ni ugonjwa? Mtazameni mdomoni na mgongoni. Ute mzito unaotoka mdomoni, mdomo unaobaki wazi, pumzi yenye mluzi au mkoromo, hayo ni mapafu, na mara nyingi yameanza na baridi ile ile ya bati. Fizi nyekundu zenye usaha ni kidonda cha mdomo, na mwenye kidonda hawezi kukaba. Vijidudu vyeusi kama punje za baruti kuzunguka macho, au vilivyozama kwenye karai, ni utitiri. Kupe mtawaona wenyewe. Minyoo hamtaiona, lakini chatu wa porini mara nyingi anayo. Msimpe dawa ya mbuzi kwa kukisia.

Halafu mpimeni. Mizani ya kuning'iniza, ile ya kliniki ya watoto au ya mnunuzi wa alizeti, inatosha. Chatu ndani ya gunia, kisha toa uzito wa gunia, andika kwenye daftari na tarehe. Rudieni kila wiki. Akibaki pale pale, au akishuka kidogo sana, subirini. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito aliokuwa nao, au uti wa mgongo ukaanza kuchongoka kama paa la nyumba, hapo mtafuteni daktari wa mifugo bila kuchelewa. Kama wa wilaya hajawahi kumtibu nyoka, anaweza kuwapigia simu wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Na pale Meserani, nje kidogo ya Arusha kwenye barabara ya Dodoma, kuna bustani ya nyoka iliyoanzishwa na familia ya Bale mwaka 1993.

Kumlisha kwa nguvu ndilo jambo ninalowaomba mliache. Nimeona nyama ikisukumwa kwa mpini wa mwiko mpaka kooni. Meno ya chatu yamelala kuelekea ndani, yanavunjika, koo linachanika, tundu la hewa lililo sakafuni mwa mdomo linaziba. Hata nyama ikifika tumboni, mwili uliojifunga hauna cha kuisagia, itarudi, na itarudi na maji ambayo chatu hana ya kupoteza. Daktari akiona hapana budi, atatumia mpira laini na chakula cha majimaji, kwa kipimo, akiwa anaujua uzito. Vile vile kijana anayeng'oa meno ya nyoka wa sumu ili amcheze bila hofu, amemnyima njia ya kula. Koboko, swila na kifutu hawafugwi nyumbani, na hilo silijadili.

Kuna jambo la sheria, nalo ni sehemu ya msaada. Wanyamapori ni mali ya umma, na kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kumweka chatu bila kibali ni kosa. Ninajua kwamba hofu hiyo inawafanya wengine wamfiche chatu mgonjwa mpaka afe. Nawasihi, nendeni kwa afisa wanyamapori wa wilaya pale Ikungi kabla hamjakamatwa, mkamweleze kikundi chenu kinafanya nini na mnyama ametoka wapi. Kama kibali hakitapatikana, au chatu hakubali kabisa kuishi sandukuni, na wako wasiokubali, afisa huyo ndiye atakayesema chatu arudishwe wapi. Msimwachie tu popote usiku. Chatu aliyeletwa kutoka mbali hajui mawe ya hapa, na atakwenda kwenye banda la kuku la kwanza atakaloliona, na huko atapigwa.

Sasa akila. Mlo wa kwanza uwe mdogo, nusu ya ule mliozoea kumpa, kwa sababu tumbo lililolala muda mrefu linaamka polepole. Baada ya kumeza msimguse, na joto la usiku lilindwe kuliko siku zote. Subirini mpaka uvimbe tumboni uishe na apate choo, ndipo mlo wa pili. Akitapika, msimpe kitu kingine kwa wiki 2, maji tu, na mkakague upya joto la sanduku, maana ndilo la kulaumiwa kabla ya chatu. Katika muda huo wote mialiko ya harusi na mikutano itakuja, na viongozi wa kikundi wataambiwa kwamba ngoma bila chatu si ngoma. Itikieni mwaliko, nendeni mkacheze. Wapigaji mnao, waimbaji mnao, na miguu mnayo. Chatu mwacheni kwenye sanduku lake, na abaki mtu mmoja nyumbani wa kubadilisha maji ya dumu saa za usiku.